Trikoni, Style O au Duolian: gitaa lipi la chuma la zamani linaufaa mkono wako?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Tanga, mpigaji wa vidole aliyefundishwa na babu yake, alinitumia picha tatu kwenye simu. Magitaa matatu ya chuma, trikoni, Style O na Duolian, yote ya kampuni ya National ya Marekani, yote ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Nina akiba ya miaka minne, na shangazi anakuja Desemba kutoka Marekani. Nimwambie anichukulie lipi?"

Nilimpigia, tukaongea zaidi ya saa nzima, na bado nilipokata simu nikaona kuna mengi sijamweleza. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na yaliyonijia usiku ule nikiwa nimelala macho.

Aina zote tatu nimezishika. Duolian ninayo mwenyewe, imekaa nami mwaka wa kumi na moja sasa. Style O ni ya rafiki yangu tunayepiga naye pamoja. Trikoni nilikaa nayo siku nane tu, lakini siku nane za kupiga asubuhi na jioni. Ninachokiamini baada ya hayo yote ni hiki: chagua kwa kuangalia mkono wako wa kulia unafanya nini, kisha kagua shingo na koni, yaani kile kipande chembamba cha alumini ndani kinachotoa sauti, kabla hujauliza bei. Mng'aro na michoro vitafuata baadaye, kama pesa itabaki.

Sauti inatoka wapi

Miaka ya 1920 gitaa lilikuwa mnyonge jukwaani. Hakukuwa na amplifaya. Mpigaji aliyekaa karibu na tarumbeta na ngoma alionekana, hakusikika. George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la mtindo wa Hawaii huko Los Angeles, alimwendea fundi John Dopyera, mhamiaji mwenye asili ya Slovakia, akataka gitaa lenye sauti ya kushindana na vyombo hivyo. Dopyera aliachana na mawazo ya kuutegemea ubao wa mbele. Alichukua alumini nyembamba sana, akaifinyanga ikiwa inazunguka mpaka ikawa koni, kisha akapanga koni tatu ndani ya boksi la chuma. Hiyo ndiyo trikoni ya mwaka 1927.

Kama umewahi kufungua spika ya redio ukaona ile karatasi inayochezacheza katikati, umeshaelewa. Uzi unakandamiza daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi), daraja limekaa juu ya koni, koni inasukuma hewa. Boksi lenyewe halitetemi kama ubao wa mbele wa gitaa la mbao. Kazi yake ni kuibeba koni bila kuyumba na kuiachia sauti itoke. Gonga mgongo wa gitaa hili kwa kidole: utasikia mlio wa sufuria. Kwa hiyo anayekuambia kwamba chuma ndicho kinachoimba amekupa nusu ya habari. Aina ya chuma inatia ladha, na koni ndiyo chakula.

Mwaka 1928 National walitoa mpango wa pili, ulio rahisi kutengeneza: koni moja kubwa ya inchi 9.5, na juu ya kilele chake kisahani cha mbao ya mepo kinachobeba nyuzi. Kisahani hicho huitwa biskuti, na ukikishika utaona jina limekikaa. Style O na Duolian zote mbili ni za mpango huo. Dopyera mwenyewe aliondoka National mwaka 1929, akaanzisha Dobro pamoja na ndugu zake. Jina hilo linabeba ukoo wa Dopyera na udugu wao, na kwa Kislovakia neno dobro lina maana ya wema. Dobro nyingi ni za mbao na koni yake imelala kama bakuli, kinyume cha ile ya biskuti. Ni gitaa zuri, ila ni familia nyingine, kwa hiyo leo naliacha pembeni.

Trikoni: mlio unaokaa

Mwili wa trikoni nyingi za zamani umetengenezwa kwa jeman silva. Jina linadanganya, kwani hakuna fedha ndani yake hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Style 1 haina nakshi. Style 2 imechorwa waridi mwitu, Style 3 yungiyungi wa bondeni, Style 4 krisanthemumu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mkono wa mchoraji ulivyofanya kazi zaidi na ndivyo bei ilivyopanda, wakati ule na hata leo.

Ndani kuna koni tatu za inchi 6 kila moja, zimeunganishwa na daraja la alumini lenye umbo la herufi T. Nguvu ya kidole chako inagawanywa mara tatu kabla haijawa sauti, na utaisikia hesabu hiyo. Uzi ukiguswa, sauti haikurukii. Inafunguka polepole, inanenepa, kisha inakaa. Nilipoweka slaidi ya chupa (kipande cha shingo ya chupa kinachovaliwa kidoleni na kuteleza juu ya nyuzi) kwenye uzi wa pili na kupanda taratibu kutoka freti ya tano hadi ya saba (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni), noti ilikuwa bado iko hai nilipofika, na nilikuwa na muda wa kuitikisa kidogo kabla haijazimika. Sijawahi kupata kitu kama hicho kwenye gitaa jingine lisilo na umeme. Nilielewa kwa nini Sol Hoopii, Mhawaii aliyetamba Los Angeles akiwa amelaza gitaa lake mapajani, alipiga trikoni, na kwa nini Tampa Red wa Chicago alipiga slaidi yake yenye noti moja moja safi kwenye trikoni iliyopakwa dhahabu.

Siku ya tatu nilijaribu mpigo wangu wa kila siku, ule wa gumba na kidole cha shahada. Hapo mambo yalibadilika. Gumba likishuka kwenye besi, noti ya besi haikuondoka kwa wakati. Kidole cha shahada kikaleta noti yake juu ya ile ya kwanza, ya tatu ikaja juu ya hizo mbili, na mpigo wote ukawa kama watu watatu wanaozungumza kwa pamoja. Nilijifunza kuzizima nyuzi kwa kiganja, na baada ya siku mbili ikawa nafuu. Lakini nilikuwa napigana na gitaa. Mwenye gitaa, ambaye hupiga slaidi tu, hakuwa anajua ninalalamikia nini.

Kwa hiyo trikoni ni ya mpiga slaidi na ya mtu anayepiga kodi pana (noti kadhaa kwa pamoja), taratibu, akitaka kila noti ining'inie. Hapo haina mpinzani. Pia ndiyo ghali kuliko zote.

Style O na Duolian: ndugu wa tumbo moja

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo kijana wangu wa Tanga alipokwama. Ukiyaweka chini magitaa haya mawili ya mwaka mmoja, umbo ni karibu lile lile, koni ni ile ile, biskuti ile ile. Tofauti iko kwenye ngozi na kwenye mfuko.

Style O ni brasi, yaani shaba ya manjano, iliyopakwa nikeli hadi inameremeta kama kioo, kisha ikapulizwa mchanga kupata picha za Hawaii: minazi, ufuo, mitumbwi. Wengi wameliona gitaa la aina hii bila kulijua jina, kwa sababu ndilo linaloelea angani kwenye jalada la albamu ya bendi ya Dire Straits ya mwaka 1985. Lile ni la mpigaji wao wa gitaa Mark Knopfler, Style O ya mwaka 1937.

Duolian ni ya chuma cha pua cha kawaida, kile kinachoshika kutu, haikupakwa nikeli, imepakwa rangi inayoganda vipande vipande kama jalidi juani. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marekani ikiwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na ikauzwa kwa dola 32.50. Ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko magitaa yote ya chuma ya National, kwa hiyo ndiyo iliyofika mikononi mwa watu wa kawaida wa kusini: wapigaji wa bluzi waliocheza vibarazani, kwenye kona za barabara na kwenye dansi za Jumamosi usiku. Bukka White alikuwa nayo. Blind Boy Fuller alikuwa nayo. Son House naye, alipotafutwa na kupatikana Rochester, jimbo la New York, mwaka 1964 akiwa ameshaacha muziki kwa miaka mingi, alirudi jukwaani na National ya chuma. Alikuwa akiipiga kwa kuipokonya nyuzi, na gitaa lilikuwa likimjibu.

Siku moja mimi na rafiki yangu tuliamua kumaliza ubishi. Tulinunua pakiti mbili za nyuzi za aina moja, tukavisha Duolian yangu na Style O yake, tukakaa sebuleni, tukafunga madirisha. Mmoja anapiga, mwingine amegeukia ukuta. Tulipiga kitu kile kile: uzi wa sita wazi, kisha kodi ya G, kisha mpigo wa vidole.

Nilikuwa na hakika nitachanganya. Sikuchanganya hata mara moja, naye pia. Besi ya Style O ni ya mviringo, ina joto, inakuja na nyama yake. Noti za juu zinang'aa bila kuchoma sikio. Duolian inabweka. Noti inatoka mara moja, kavu, kali, ina mkwaruzo mdogo mwanzoni kama kiberiti kinachowashwa, na inaondoka upesi. Ukiwa mbali na gitaa, mathalani ukisimama uani, Duolian ndiyo inayokufikia kwanza.

Huko kuondoka upesi ndiko kunakonifanya niipende, na hapa nazungumza na wapigaji wetu hasa. Mtindo tuliourithi kwa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, yule aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na ambaye baadaye alivuma hadi Nairobi, unasimama juu ya noti zinazopishana haraka: gumba linatembea chini, shahada inajibu juu, na uzuri wote uko kwenye nafasi kati ya noti na noti. Bosco alipiga gitaa kavu la mbao, la kawaida kabisa. Lakini mtindo ule unahitaji gitaa linalotamka na kunyamaza, na koni moja kwenye mwili wa chuma cha pua inafanya hivyo vizuri kupita kiasi. Mara ya kwanza nilipopiga mpigo wa Kikatanga kwenye Duolian, nilisikia mistari miwili niliyokuwa naipiga kwa miaka ishirini ikitengana kabisa, kama watu wawili wamekaa viti viwili.

Style O inafanya hivyo pia, kwa upole zaidi. Kama unaimba huku unapiga na sauti yako ni laini, au kama unarekodi karibu na maikrofoni, nadhani itakufaa kuliko Duolian, ambayo huwa inataka kuongea kabla ya mwimbaji. Rafiki yangu anaimba kwa sauti ya chini, na nimekubali kwamba alichagua sawa.

Kwa bei, Style O huwa juu ya Duolian, na sehemu ya tofauti hiyo unalipia nikeli na minazi. Kuna nyingine iitwayo Triolian, ya chuma cha pua pia, inayokaa katikati ya hizo mbili. Ukiiona yenye hali nzuri usiipite. Niliyosema kuhusu Duolian yanaifaa pia.

Shingo ya mraba

Katika picha tatu alizonitumia kijana, trikoni ilikuwa na bei ya chini kuliko nilivyotarajia. Nilikuza picha, nikatazama ubavu wa shingo, nikaona sababu. Ilikuwa shingo ya mraba.

Magitaa mengi ya miaka ile yalitengenezwa kwa ajili ya muziki wa Hawaii, unaopigwa gitaa likiwa limelala mapajani, nyuzi zimenyanyuliwa juu, na mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma. Shingo yake ni pana, nene, ya pembe nne. Kwenye trikoni ni chuma kitupu kilichoungana na mwili, wazi ndani. Huwezi kuikamata ukabana kodi. Picha ya mbele haionyeshi jambo hili, na muuzaji mwingine hataji kwa sababu kwake yote ni gitaa. Ukikuta trikoni ya bei inayokushangaza, omba picha ya mgongo wa shingo kabla hujasema neno jingine. Na kama wewe ni mpiga slaidi wa mapajani, basi hiyo ni bahati yako, maana utapata sauti ile ile kwa pesa pungufu sana.

Zipo pia za mraba zilizobadilishwa na fundi zikawekwa shingo ya mviringo. Si vibaya, ikiwa kazi ni safi na bei inakiri kwamba ilibadilishwa.

Kuhusu freti 12 au 14: hadi katikati ya miaka ya 1930 shingo ilikuwa ikiungana na mwili kwenye freti ya 12, baada ya hapo magitaa ya koni moja yakahamia 14 na mabega ya mwili yakafupishwa. Masikio yangu yanapenda 12, sauti ni nene zaidi. Ila ukiwa mtu wa solo za juu, freti mbili za ziada utazihitaji kila siku.

Kile kinachoua gitaa la miaka tisini

Gitaa langu la kwanza la aina hii halikuwa Duolian ninayopiga sasa. Nililinunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika kwamba ni la asili na halijaguswa. Lilipofika lilikuwa linang'aa. Nikakaza nyuzi, nikapiga, na sauti ikatoka kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Nilidhani ni nyuzi. Nikabadilisha, ikawa vile vile. Jioni nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko cha mbele, nikainyanyua koni kwa vidole viwili. Ukingoni kulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, umezibwa kwa gundi ngumu ya manjano. Kilele kilikuwa kimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Na chini ya ukingo mtu alikuwa amepachika kipande cha kitambaa kilichokunjwa ili kuficha mtetemo. Nilikaa nalo mapajani muda mrefu. Pesa ile ilikuwa ya mwaka mzima.

Koni ilinunuliwa nyingine, sauti ikarudi, na hapo ndipo nikagundua kwamba shingo nayo imepinda. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwa sababu koni inabadilishwa kwa saa moja lakini shingo ni kazi ya fundi hasa. Shingo za National za miaka ile hazina fimbo ya kurekebishika ndani. Zikivutwa na nyuzi nzito kwa miaka tisini, baadhi hujikunja kama upinde, na nyuzi zinasimama juu kiasi cha kukata vidole.

Kwa hiyo mfundishe yeyote atakayekukagulia. Abane uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapoingia mwilini kwa mkono mwingine. Uzi ule sasa ni rula. Atazame katikati, freti ya sita hivi: nafasi kati ya uzi na freti ikiwa unene wa kadi, shingo ni nzima. Ikiwa sarafu inapita bila kugusa, shingo imepinda.

Kisha atazame biskuti na ule mbao mdogo ulioko juu yake unaobeba nyuzi. Wamiliki wengine, badala ya kutengeneza shingo, huusugua mbao ule hadi unakaribia kuisha ili nyuzi zishuke. Nyuzi zinashuka kweli, lakini haziikandamizi tena koni kwa nguvu inayotakiwa, na sauti inakufa. Mbao uliosuguliwa hadi chini ni dalili ya shingo mbovu iliyofichwa.

Kama shingo ni nyoofu ila imeinama tu pale inapoungana na mwili, hapo kuna nafuu. Shingo ya National haikugandishwa kwa gundi kama ya gitaa la mbao. Inaendelea ndani ya mwili kwa mti mrefu, na imeshikwa kwa skrubu. Fundi makini anaitoa na kuirudisha kwa pembe sahihi.

Mtetemo mbaya, ule wa zzz kwenye noti moja au mbili, usikutishe sana. Mara nyingi ni skrubu ya kifuniko iliyolegea, au koni imekaa upande. Ila mtetemo uliopo kwenye kila noti ni koni iliyopasuka.

Koni mpya kwenye gitaa la zamani si dhambi. Alumini nyembamba vile huchoka, na gitaa la kupigwa linahitaji koni inayopigika. Kinachoshusha thamani ni rangi iliyopakwa upya, nikeli iliyorudiwa, na matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya pikapu, kile kifaa cha umeme cha kunasa sauti. Namba ya gitaa imegongwa kichwani. Kwenye Duolian za awali inaanza na herufi C, kwenye Style O na S. Mwili ukikuambia jambo moja na herufi ikakuambia jingine, uliza.

Nyuzi, na hewa ya pwani

Jambo dogo linaloharibu furaha: usivishe nyuzi nyembamba. Pakiti zinazopatikana kwa urahisi madukani kwetu ni namba 10 na 11 (namba ni unene wa uzi), na kwa gitaa la kawaida zinatosha. Koni inataka kukandamizwa. Mimi navisha 13 hadi 56, na kama vidole vyako havijazoea anza na 12 hadi 53. Zikiwa nyembamba zaidi utasikia debe. Na unapobadilisha, badilisha uzi mmoja mmoja. Koni haikufungwa kwa chochote, inashikwa mahali pake na mkazo wa nyuzi peke yake. Ukizilegeza zote kwa pamoja inaweza kusogea, kisha utatumia jioni nzima kuitafutia mahali pake.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine. Hewa ya chumvi inakula chuma cha pua mahali popote rangi ilipobanduka, na Duolian ya umri huu haikosi mahali. Yangu ilianza kutoa kutu pale mkono wa kulia unapokaa, kwa jasho. Naifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, naiweka kwenye kasha lake na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Style O inavumilia zaidi, kwani brasi haipati kutu, ingawa nikeli hupoteza mng'aro na sehemu nyingine hugeuka kijani. Ukikaa Tanga, Mombasa au Unguja, hili liingie kwenye hesabu yako. Ukikaa Nairobi au Mbeya, usilipe uzito sana.

Kama si la zamani

Kampuni ya National Reso-Phonic ya California, iliyoanzishwa 1989, imekuwa ikitengeneza magitaa haya upya, kwa mipango ile ile, na kwa shingo zenye fimbo ya kurekebishika. Ni magitaa ya kweli, na bei yake inakaribiana na ya Duolian ya zamani. Mtu anayepiga jukwaani kila wiki, anayesafiri kwa basi na kuweka gitaa chini ya kiti, namshauri anunue jipya bila kujuta. Zipo pia za bei nafuu zinazotengenezwa China. Huwa nzito na sauti yake imefungika, lakini fundi akiweka koni nzuri na biskuti iliyokaa sawa, nyingi huamka. Kwa kuanzia, si pesa iliyopotea.

La zamani linakupa kitu ambacho sijaweza kukipata kwenye jipya: sauti iliyokwisha kulegea. Noti inatoka bila kusukumwa. Sitaki kusema ni uchawi wa miaka. Ninachojua ni kwamba nikigusa uzi wa Duolian kwa nyama ya kidole tu, bila ukucha, chumba kinasikia.

Nilichomwambia kijana

Nilimuuliza kwanza: "Unapiga slaidi?" Akasema hapana, hajawahi. "Unaimba?" Akasema anaimba, na kwamba sauti yake ni ya babu yake, ya kupaza. Basi trikoni ikatoka, ya mraba au ya mviringo. Zikabaki Style O na Duolian, zote za freti 12.

Style O ilikuwa nzuri sana machoni, lakini kwenye picha ya pembeni niliona mbao wa juu ya biskuti umesuguliwa hadi kwenye kisahani. Duolian ilikuwa imechubuka mgongoni, ina kutu kidogo kwenye ukingo, na funguo mbili za kukazia nyuzi si za asili. Mbao wake ulikuwa na kimo chake. Nikamwambia shangazi aende kwa mwenye Duolian kwanza, na aende na sarafu.

Jumapili usiku ikafika video. Shangazi hapigi gitaa, lakini alifuata maelekezo kama alivyoambiwa: akabana uzi hapa, akabana pale, akajaribu kupitisha sarafu katikati. Haikupita. Kisha mwenye gitaa akalichukua, akapiga kodi moja ya G, akaiacha. Kwenye spika ndogo ya simu, nikiwa jikoni, niliusikia ule mkwaruzo wa kiberiti mwanzoni mwa noti. Nikamwandikia kijana: mwambie shangazi alipie, na alibebe mkononi ndani ya ndege, asiliache liende na mizigo.